Kuzuia na Kuhudumia Majeraha ya Msumeno wa Mnyororo: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Bustani wa Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa Septemba, jakaranda za Lubumbashi zinapoanza kuchanua na joto kupanda, wenye parseli (viwanja vya nyumba) hukumbuka kwamba mvua za kwanza huja na upepo mkali, na kwamba lile tawi la mwembe lililoelemea juu ya bati la nyumba halijapunguzwa tangu mwaka jana. Hapo ndipo mfanyakazi wa bustani, ambaye miezi yote alikuwa akifyeka majani na kumwagilia maua, hukabidhiwa msumeno wa mnyororo wa kuazima au wa kukodi na kuambiwa amalize kabla ya jioni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, kwa ajili ya kapita anayemsimamia, na kwa ajili ya mwenye parseli anayemlipa. Wote watatu wanahusika, kwa sababu sehemu kubwa ya majeraha ya mashine hii huwa imekwisha kuamuliwa kabla injini haijawashwa: na yule aliyechagua mashine mbovu, na yule aliyesema mavazi yatanunuliwa baadaye, na yule aliyeona kwamba mtu mmoja anatosha.

Hatua ya kwanza: Elewa namna mashine inavyojeruhi

Msumeno ukibonyezwa hadi mwisho, mnyororo wake huzunguka kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 70 hivi kwa saa. Panga likimkata mtu huacha mstari mmoja. Jino la mnyororo huchimba na kuondoa nyama, jino la pili hupita palepale, na kila jino huingiza ndani vumbi la mti, mafuta na nyuzi za nguo. Kwa hiyo jeraha la msumeno huwa pana, kingo zake huwa zimechanikachanika, uchafu huwa umefika chini kabisa, na kulishona si kazi ya dakika tano hata pale ambapo mfupa haukuguswa.

Nchini Marekani ilikadiriwa kwamba kati ya mwaka 2009 na 2013 watu zaidi ya 115,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali kwa majeraha ya msumeno wa mnyororo. Sehemu zilizoumia zaidi zilikuwa mikono na vidole, pamoja na magoti. Si ajabu, kwa kuwa msumeno hushikwa mkono wa kushoto ukiwa mbele, karibu na mnyororo, na mguu wa kushoto nao hutangulia. Mikono ikichoka, bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka hushuka na kutua pajani au gotini.

Ajali inayoogopwa zaidi, hata hivyo, ni teke. Ncha ya juu ya bapa ikigusa kitu, iwe tawi lililojificha, ukuta au waya wa uzio, meno hunasa pale na nguvu yote ya injini hulirusha bapa juu na nyuma kumwelekea aliyelishika, usoni, shingoni au begani. Jambo hilo hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla mtu hajapata nafasi ya kushtuka, na hakuna fundi mwenye nguvu au uzoefu wa kutosha kulizuia kwa mikono baada ya kuanza. Linazuiwa kwa kujua ncha ya bapa iko wapi wakati wote, na kwa breki iliyo nzima. Mtu asiyeweza kukuonyesha kwa kidole ni sehemu gani ya bapa inayopiga teke hajawa tayari kuushika msumeno, hata kama amefanya kazi ya bustani kwa miaka ishirini.

Hatua ya pili: Amua kama kazi hiyo ni ya timu yako

Tembea kwanza kuuzunguka mti bila mashine mkononi. Miembe na miparachichi ya zamani katika parseli zetu mara nyingi imeliwa na mchwa kwa ndani huku gome likionekana zima. Gonga shina kwa nyundo au kwa nyuma ya shoka: sauti ya uwazi, unga wa udongo kwenye mashimo, au uyoga ulioota chini ya shina ni dalili kwamba mti huo hautaanguka kwa namna unayoipanga. Mkalitusi ulioinama ni hatari ya aina yake, kwa kuwa unaweza kupasuka wima ukiwa umekatwa nusu tu, na kipande cha nyuma kikaruka kwa nguvu usawa wa kifua cha mkataji.

Mfanyakazi wa bustani aliyefundishwa vizuri anaweza kukata magogo yaliyolala chini, kupunguza matawi anayoyafikia akiwa amesimama ardhini, na kuangusha mti mwembamba mahali palipo wazi. Kupanda mtini na msumeno, kuangusha mti mkubwa kati ya nyumba mbili, na kukata tawi lililolala juu ya paa ni kazi ya watu wenye kamba, mikanda na mafunzo yake. Mwenye parseli akikataa kulipia timu ya namna hiyo, kapita na amjibu kwa heshima: «Papa, kazi hii si ya vijana wangu.» Afadhali kupoteza malipo ya siku moja.

Neno moja kuhusu ngazi. Mtu aliyesimama juu ya ngazi na msumeno hawezi kuukimbia mti, hawezi kukaza miguu yake teke linapotokea, na tawi likikatika mara nyingi hupiga ile ngazi yenyewe. Kwa matawi ya juu kidogo kuna msumeno wa mkono wenye mpini mrefu. Ni wa polepole, lakini unamwacha mtu chini.

Hatua ya tatu: Nunua mavazi kabla ya kununua au kukodi mashine

Jinzi haizuii chochote. Mnyororo huipita kana kwamba haipo. Suruali ya kinga ina tabaka za nyuzi ndefu ndani yake, na mnyororo ukiigusa huzivuta nyuzi hizo hadi kwenye gurudumu la meno linalouendesha, nao husimama kabla haujafika mbali mwilini. Suruali hizo hupimwa kwa kasi ya mnyororo zinayoweza kuihimili: daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni mita 24, la 3 ni mita 28. Angalia alama hiyo, ambayo huwa pamoja na picha ya msumeno. Suruali iliyokwisha kukatwa mara moja na kuonekana nyuzi imemaliza kazi yake, na ile iliyoshonwa na fundi cherehani mpaka ndani haiaminiki tena, maana uzi umezifunga zile nyuzi zisiweze kuvutwa. Ile inayofungwa kama aproni hulinda mbele peke yake. Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba kinga hizi hufaa zaidi kwa mashine za mafuta. Baadhi ya misumeno ya umeme ina nguvu ya kuendelea kuvuta hata nyuzi zikiwa zimekwisha kunasa.

Pamoja na suruali panahitajika kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, viatu vya kinga vyenye chuma mbele na soli isiyoteleza, na glavu zinazobana vizuri. Wavu wa uso hauzuii vumbi dogo, basi miwani ivaliwe chini yake. Masikio yasidharauliwe: msumeno wa mafuta hutoa sauti ya desibeli 100 na zaidi, ilhali kiwango ambacho mtu hatakiwi kukipita kwa siku nzima ya kazi ni 85. Uziwi unaotokana na mashine hauna dawa.

Najua kwamba suruali moja ya namna hii hugharimu zaidi ya anachopata kibarua kwa siku nyingi, na ndiyo maana gharama hiyo si yake. Anayeimiliki mashine, au anayeikodi, ndiye anayepaswa kuimiliki suruali, nayo itoke na kurudi pamoja na mashine. Asiyeweza kumvisha mtu asimpe msumeno. Ampe shoka na muda wa kutosha.

Hatua ya nne: Ikague mashine kila asubuhi

Mashine nyingi zinazozunguka mjini zimepita mikononi mwa watu wengi, na kitu cha kwanza kuvunjika na kutorudishwa ni kile kinacholinda, kwa sababu mashine hukata hata bila hicho. Tazama kwanza kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ambayo ndiyo pia mkono wa breki. Mashine isiyo nayo irudishwe ilikotoka. Ili kuijaribu breki, weka mashine chini, iwashe, bonyeza moto kidogo, kisha sukuma ile kinga mbele kwa kifundo cha mkono bila kuuachia mpini: mnyororo lazima usimame papo hapo. Baada ya hapo achia kibonyezo, ondoa breki, na utazame. Mnyororo ukiendelea kutembea wakati hakuna anayebonyeza, kabureta haijarekebishwa, na mashine hiyo itamkata mtu siku atakapokuwa anatembea nayo.

Kibonyezo cha moto kina mwenzake upande wa juu wa mpini ambao ni lazima ukandamizwe na kiganja ndipo moto ukubali. Kama umefungwa kwa mpira au waya ili «kurahisisha kazi», ufungue. Chini ya bapa, karibu na injini, kuna kijipande cha kudaka mnyororo ukikatika, nacho kiwepo. Mnyororo wenyewe uvutwe kwa mkono uliovaa glavu, injini ikiwa imezimwa: uzunguke bila kukwama, wala usining'inie chini ya bapa.

Unoaji unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Mnyororo butu humlazimisha mtu kuisukuma mashine kwa nguvu zake, na anayesukuma huchoka, huteleza na kupoteza udhibiti. Utaujua kwa vumbi lake: mnyororo mkali hutoa vipande vinavyoonekana kama chenga za mbao, butu hutoa unga. Noa kwa tupa ya duara ya kipimo cha mnyororo wako, ukisukuma kuelekea upande mmoja tu, idadi ileile ya mipigo kwa kila jino. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachopima kina cha mkato, na kwa minyororo mingi kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wapo wanaokisugua sana ili mashine «ile» haraka. Wanachofanya ni kuongeza teke.

Kuhusu mafuta, changanya esanse (petroli) na mafuta ya injini za mipigo miwili kama kitabu cha mashine kinavyosema. Kipimo cha kawaida kwa mashine nyingi za sasa ni mililita 100 kwa lita 5 za esanse. Jaza tangi injini ikiwa imepoa na sogea mita 3 kutoka pale ulipojazia kabla ya kuwasha. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye magari yasitumike kulainisha mnyororo, kwa kuwa huziba pampu, hukausha bapa, na hurushwa hewani hadi kwenye ngozi na macho ya anayekata.

Hatua ya tano: Andaa mahali, na usiuamini umeme uliokatika

Nyaya za SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, hupita katikati ya miti kwenye barabara nyingi za mji, na kukatika kwa umeme mara kwa mara kumewazoesha watu jambo la hatari kubwa: wanasubiri umeme uondoke ndipo wapande kukata matawi. Umeme unaoondoka bila taarifa hurudi bila taarifa. Tena waya unaweza kuwa na umeme hata mtaa mzima ukiwa gizani, kwa sababu jirani amewasha jenereta ambayo haikutenganishwa vizuri na laini. Tawi bichi lina maji, na maji hayo hupitisha umeme. Tawi lolote lililo ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya lisiguswe mpaka mafundi wa SNEL wenyewe waje kuizima laini na kuthibitisha kwamba imezimwa. Mashine ikiangukia waya, au mtu akinaswa, asiguswe na yeyote kabla umeme haujazimwa, kwa kuwa anayekimbilia kumvuta ndiye wa pili kuanguka.

Kisha panga watu. Harufu ya mti uliokatwa huleta majirani na watoto wanaotafuta kuni na wanaofikiria makala, yaani mkaa, nao hawasubiri. Huingia chini ya mti wakati mkataji, masikio yake yakiwa yamezibwa, hajui kwamba kuna mtu nyuma yake. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake: kusimama langoni na kuzuia. Akubaliane na wenye kutafuta kuni kwamba matawi yatatolewa nje yote kwa pamoja kazi ikiisha. Wakati wa kuangusha mti, asiwepo mtu ndani ya umbali wa urefu wa mti huo mara mbili. Wakati wa kukata matawi yaliyolala, mita 5 zinaweza kutosha. Anayetaka kuzungumza na mkataji apite mbele yake ili aonekane, wala asimguse bega kutoka nyuma.

Chunguza mashimo ya shina kama kuna nyuki. Mtu anayeshambuliwa na nyuki huku mashine inanguruma mikononi mwake ana ajali mbili kwa wakati mmoja.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha ni njia ya kutoka. Lango lisifungwe kwa kufuli. Mlinzi wa zamu ajue. Gari au teksi ya kumpeleka mtu hospitali ijulikane ni ipi, namba ya dereva iwe kwenye simu mbili zenye yuniti, na kila mmoja aweze kueleza parseli iko wapi kwa jina la avenyu na alama iliyo karibu. Asiwepo anayefanya kazi na msumeno peke yake, hata kwa tawi moja.

Hatua ya sita: Washa, shika na simama ipasavyo

Weka mashine chini, breki ikiwa imefungwa, kanyaga mpini wa nyuma kwa kiatu cha kulia, shikilia mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, kisha vuta kamba. Kuwasha kwa kuidondosha mashine hewani huku unavuta kamba kunapendeza watazamaji na kumejeruhi mapaja ya wengi.

Mkono wa kushoto uwe mbele na wa kulia nyuma, hata kwa anayetumia kushoto, na kidole gumba kizunguke chini ya mpini, kisilale juu yake pamoja na vidole vingine. Miguu itawanyike, mguu wa kushoto mbele kidogo. Mwili ukae upande wa kushoto wa mstari wa mnyororo, ili bapa likipiga teke lipite pembeni ya kichwa. Usikate juu ya usawa wa mabega. Usikate kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika tawi. Na hili nalisisitiza hasa kwa zile mashine ndogo zenye mpini wa juu, ambazo kwa wepesi wake humshawishi kila mtu kuzitumia hivyo, ilhali zilitengenezwa kwa wapanda miti waliofundishwa. Ukitembea zaidi ya hatua chache, funga breki; ukienda mbali, zima, na bapa litazame nyuma.

Hatua ya saba: Kata tawi kwa kulisoma kwanza

Mti ukishaanguka watu hupumua, na hapo ndipo uangalifu hupungua, ilhali matawi yaliyolala chini yanajeruhi watu wengi. Mengi yamebanwa na uzito wa shina kama uta uliovutwa, na kila tawi lililopinda lina upande uliobanwa na upande ulionyooshwa. Gogo lililoegemea ncha zote mbili limebanwa juu na kunyooshwa chini; tawi linaloning'inia kutoka shinani limenyooshwa juu na kubanwa chini. Anza na mkato mfupi katika upande uliobanwa, theluthi moja ya unene au pungufu yake, kisha malizia kutoka upande ulionyooshwa. Ukiingia ndani sana kwenye upande uliobanwa, mkato hujifunga na kulishika bapa. Na anayelivuta kwa nguvu, injini ikiwa inanguruma, hulipata lote kwa mara moja. Bapa likibanwa, zima injini, fungua mkato kwa kabari ya plastiki au ya mti, kisha toa mashine.

Kwa mti mchanga uliopindishwa na kushikwa na shina lililouangukia, usiukate kwa pigo moja. Simama mbali na pale utakaporuka, ukapunguze nguvu zake kwa kuukwangua kidogo kidogo upande wa ndani. Matawi yanayoushikilia mti usiviringike yaachwe mpaka mwisho. Panapo mteremko, mkataji asimame upande wa juu wa gogo.

Ncha ya bapa isiingie ndani ya rundo. Vuta tawi moja moja nje ya rundo kwa panga au kwa mikono ya msaidizi, mkataji akiwa ameweka mashine chini, kisha kata lililo peke yake. Ukuta wa parseli, misumari iliyopigiliwa mtini miaka iliyopita ili kutundika kamba za nguo, na nyaya za uzio zilizomezwa na gome vyote hupiga teke na kurusha meno ya mnyororo.

Kila tangi moja la mafuta likiisha, pumzikeni, mnywe maji. Joto la Oktoba na mtetemo wa mashine huchosha mikono kabla mtu hajajua, na anayeanza kuhisi ganzi au kuona vidole vyake vikipauka amekwisha kutetemeshwa kupita kiasi, basi ampishe mwenzake.

Hatua ya nane: Damu ikitoka, fanya haya kwa mpangilio huu

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatwa anaweza kufa ndani ya dakika chache, muda ambao hautoshi kufika hospitali yoyote ya mji. Kwa hiyo anayemwokoa ni yule aliye naye pale pale.

Zima mashine. Mlaze. Kata nguo ili uone jeraha lote, kisha kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, ukitumia viganja vyote viwili na uzito wa mwili wako, bila kuinua kila mara kutazama kama damu imeacha. Jeraha likiwa na shimo, sokomeza kitambaa ndani mpaka lijae, ndipo ukandamize. Kitambaa kikilowa na damu ikaendelea kutoka, hakikisha kwamba nguvu yako iko juu ya mahali penyewe panapotoka damu. Kurundika vitambaa juu ya vingine hakusaidii kama mkandamizo ni hafifu.

Damu ikiwa inaruka au inamwagika mfululizo kutoka mguuni au mkononi, usisubiri: funga garo, yaani mkanda unaokazwa kuzuia damu. Ya kiwandani ni bora zaidi, nayo ikae mwilini mwa mfanyakazi au kwenye mkoba ulio hatua chache, kwa kuwa iliyobaki garini haina msaada. Ukiikosa, tumia kitambaa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi, kizungushwe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha upande wa moyo, kamwe si juu ya goti wala kiwiko. Jeraha likiwa gotini, funga pajani. Fundo la kwanza likishafungwa, weka kijiti kigumu, funga tena, na uzungushe kijiti mpaka damu isimame, kisha kifunge kisirudi. Usitumie waya, kamba ya kiatu wala kamba ya kuwashia mashine, kwa sababu hukata nyama bila kuzuia mshipa. Ataumia sana na atakuomba ulegeze. Usilegeze. Andika saa uliyoifunga, kwa kalamu, juu ya ngozi yake, na mwenye kuilegeza awe daktari.

Shingoni hapafungwi garo. Kandamiza upande uliojeruhiwa peke yake, bila kumziba pumzi, na usiache mpaka mkono wa muuguzi uchukue nafasi ya wako. Jicho lililochomwa na kipande lisifikichwe wala kipande kisichomolewe. Lifunikwe bila kulibana.

Kidole au kiungo kikikatika, hudumia kwanza damu ya mtu, halafu kitafute kiungo. Kioshe kidogo kwa maji safi, kifunge ndani ya kitambaa safi kilicholoweshwa, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe ndani ya mwingine wenye maji na barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

Mfunike asipate baridi, zungumza naye, na usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akafanyiwa upasuaji. Kahawa ya unga, majivu, udongo, esanse na mafuta ya mashine visiwekwe kwenye jeraha. Watu huviweka kwa nia njema, lakini haviifungi mishipa ya damu, na daktari atalazimika kuviondoa kimoja kimoja kabla ya kushona.

Hatua ya tisa: Hospitali, pepopunda na karatasi

Jeraha lolote la msumeno lililopita ngozi liende hospitali, hata lile linaloonekana dogo na ambalo mtu bado anachezesha vidole vyake. Kano huweza kuwa imekatwa nusu na kukatika yote baada ya siku kadhaa. Kwa jeraha kubwa mpelekeni moja kwa moja penye wapasuaji, kama Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, badala ya kupoteza muda katika zahanati ya mtaa itakayowaambia mwende kwingine. Asipakiwe kwenye pikipiki, kwa kuwa hawezi kujishikilia wala mtu hawezi kuendelea kumkandamiza.

Mwulizeni muuguzi kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu la namna hii, mtu ambaye chanjo yake ya mwisho imepita miaka 5, au asiyekumbuka kama aliwahi kuchanjwa, anahitaji sindano. Ugonjwa huo kwa kawaida huonekana kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, ukianza kwa taya kukakamaa, na wakati huo mtu anaweza kuwa amekwisha kurudi nyumbani akiamini amepona. Uvimbe unaoongezeka, joto, usaha, harufu au homa ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo.

Upande wa karatasi usiachwe kwa sababu aliyeumia ni kibarua. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyoanzisha utaratibu mpya wa hifadhi ya jamii, ajali za kazini ni sehemu ya dhamana ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kumwandikisha mfanyakazi na kuitangaza ajali. Kwa hiyo kapita aandike siku hiyohiyo tarehe, saa, parseli, jina la aliyeumia, kazi aliyokuwa akiifanya, hali ya mashine na majina ya waliokuwepo, nao waweke sahihi. Cheti cha daktari, risiti za dawa na karatasi za hospitali zipigwe picha kwa simu na nakala zake zibaki kwa familia ya mgonjwa, kwa sababu zile za kwanza zikishachukuliwa na ofisi ya mwajiri huwa vigumu kuzipata tena. Mashine iliyosababisha ajali iwekwe pembeni jinsi ilivyo, isirekebishwe wala isirudishwe kwa aliyeikodisha, mpaka ijulikane kama breki yake ilikuwa ikifanya kazi.